Tone la Kiti cha Mbele

Wifi yangu Duangta si mtu wa kelele. Tangu kaka yangu Thawin alipomwoa, mpaka kaka yangu akafa, mpaka leo hii, sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata ile siku mbwa wa jirani walipowamaliza kuku wake bandani. Kelele za ukoo wetu ni zangu mimi, Bunpeng, na sioni haya kulisema. Kwa hiyo asubuhi ile niliposikia ukelele kutoka gereji ya Samrit, mmoja tu, mkali, niliacha mchi ndani ya kinu, papai na pilipili zikiwa humo humo, nikatoka mbio. Wateja wangu walibaki na matonge ya wali mkononi. Nilijua sauti ni ya Duangta, na nilijua kuna mtu amekufa.

Hakufa mtu. Nilimkuta kasimama mbele ya pikapu yake. Kioo cha mbele kilikuwa kimeshatolewa, kimelazwa juu ya magunia, na yeye mkononi kashika kipande cha chuma. Nikakitazama, nikalitazama gari, nikakitazama tena. Ilikuwa ni nguzo, ile inayosimama pembeni ya kioo na kubeba paa. Aliiegemea tu, maskini, achungulie ndani, nayo ikamfuata.

"Imetoka," akaniambia. "Wifi, imetoka yenyewe. Sikuivuta."

"Toka hapo chini ya paa!" Samrit akafoka. "Bunpeng, mvute huyo!"

Nikamvuta. Samrit ni fundi bodi, na gereji yake iko ubavuni mwa kibanda changu cha saladi ya papai, kwenye barabara ya malori ya miwa. Namfahamu vizuri. Ni mtu mwembamba, mzito wa maneno, hana desturi ya kumfokea mteja. Nilipomsikia anafoka nikajua haya si mambo ya kuchezea.

Ngoja nieleze gari lenyewe. Duangta anachukua watoto wa vijiji vitatu kuwapeleka shule na kuwarudisha. Pikapu ina benchi mbili nyuma chini ya turubai, mabegi yanakwenda juu ya paa, na mtoto mmoja anakaa mbele na dereva. Hicho kiti cha mbele ndicho kilichotuletea haya yote.

Kwa ndani, juu kidogo ya kioo, kulikuwa na alama. Gari gani kwetu halina alama ya mtawa, ule mchoro wa baraka anaouchora kwa kidole chenye unga uliolowekwa? Lakini hii ya Duangta haikuwa nyeupe kama za watu. Ilikuwa na wekundu uliochujuka, na watu wakasema huo ni unga wa siri wa Baba Mtawa wa hekalu la mlimani, marehemu, ambaye hakuwa akitia kidole kwenye gari la mtu hivi hivi. Kaka yangu ndiye aliyelileta gari, na ndiye aliyesema kwamba Baba Mtawa kalitia alama kwa mkono wake mwenyewe. Gari zima lilikuwa na rangi ya maziwa, ndani na nje, isipokuwa mraba mmoja wa kijani, upana wa kiganja, ulioizunguka alama. "Hiyo ndiyo rangi yake ya zamani," Thawin alituambia. "Alama haipakwi rangi juu yake." Tukaona ana adabu.

Thawin aliondoka kwa figo, si kwa gari, na hilo nalo watu wakalihesabu. Akina mama wakasema, mnaona? Barabara hii ya malori, na gari lake halijapata hata mkwaruzo. Masika yaliyofuata kioo kikaanza kuvuja. Maji yalipenya kwenye mpira wa juu, yakateleza mpaka kwenye alama, yakadondoka tone kwa tone kwenye kiti cha mbele. Siku ya mtihani, tone likampata utosini mtoto wa Nuanchan. Huyo mtoto kwa hesabu, nisamehewe, hata kuku wangu walikuwa wanamshinda. Akapasi.

Basi! Yakaanza. Kiti cha mbele kikawa cha kugombaniwa. Akina mama walikuwa wanamletea Duangta samaki wa kukausha ili watoto wao wapewe zamu siku ya mtihani. Duangta alinunua gundi ya kioo mara mbili, na mara zote mbili Nuanchan, ambaye kwa mdomo anakuja baada yangu tu, alimfuata mpaka uani. "Usizibe, dada yangu, mitihani haijaisha. Baraka inazibwa na gundi?" Naye wifi yangu kwa upole wake akaiweka gundi kabatini, akawa anaendesha na taulo mapajani.

Mwaka huu jiwe la lori likakipasua kioo kutoka kona hadi kona, zikiwa zimebaki siku chache shule zifunguliwe. Ikawa hakuna jinsi, kioo kibadilishwe. Ndiyo tukafika hapo gereji, na nguzo mkononi.

Samrit alichukua bisibisi, akaisukuma kwenye fremu, juu ya pale kioo kilipokuwa. Iliingia yote kama kwenye papai bivu. Akasukuma kando yake, ikaingia. Akaja kwenye kona, akagonga na mpini tu, na unga mwekundu ukamwagika hadi kwenye viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshika mdomo.

"Kutu haikuanzia chini," akasema. "Imeanzia juu. Maji yameingia hapa, yakashuka ndani ya nguzo, mwaka hadi mwaka. Kwa nje unaona rangi. Ndani hamna chuma." Akapiga kiti cha abiria kwa kiganja. "Hapa anakaa nani?"

"Mtoto," akasema Duangta.

"Mtoto gani?"

"Yeyote. Kwa zamu."

Samrit aliitoa sigara sikioni, akaitazama, akairudisha. Mimi nikakaa juu ya tairi. Niliwaona watoto wale mmoja mmoja, na mabegi yao yaliyojazwa juu ya paa hilo, paa lililokuwa limeshikwa na rangi na puti ya kuzibia mashimo.

"Nitakata ukingo wote wa juu na nguzo zote mbili, nichomelee chuma kipya," Samrit akasema. "Halafu mpira mpya, kioo kipya. Itakuwa gari."

"Kata kote," Duangta akasema. "Pale usiguse." Akaonyesha alama.

"Dada, pale ndipo palipooza."

"Pale usiguse, Samrit."

"Wifi, umerukwa na akili?" nikadakia. "Nguzo unayo mkononi!"

"Nyie hamwelewi." Sauti yake ilikuwa ileile ya chini. "Kule sokoni kuna gari jipya la kiyoyozi, dereva wake anawafuata hawa akina mama kila wiki. Kwa nini hawahami? Kwa sababu yangu mimi? Kwa sababu ya benchi zangu? Ni kwa sababu ya hilo hapo juu. Ukilikata sina mtoto hata mmoja. Na mimi mwenyewe nitatoka barabarani na yale malori nikitegemea nini?"

"Breki," akasema Samrit.

Ningecheka siku nyingine.

Akamwambia basi, kwanza apige msasa aone kutu imefika wapi, ndipo wazungumze. Akaanza mlangoni. Chini ya rangi ya maziwa ikatokea nyekundu. Akapiga kwenye boneti, nyekundu. Akaenda nyuma, akapiga chini kwenye kizingiti, nyekundu tena. Kisha akapanda ngazi akapiga juu ya paa. Kijani. Akasogea upande wa pili wa paa, kijani. Akashuka kwenye kisiki cha ile nguzo, akakwangua puti, na hapo chini ya puti kukatokea mshono wa kuchomelea, mnene, unaozunguka nguzo kama pindo la sketi. Akaukuta na kwenye nguzo ya pili. Akaukuta na nyuma.

Akashuka. "Dada Duangta, gari hili lilizaliwa jekundu."

"Si lilikuwa kijani? Thawin alisema..."

"Paa ndilo lililozaliwa kijani."

"Ebo!" nikasema. "Gari linazaliwa na rangi mbili?"

"Haya ni magari mawili, Bunpeng. Jekundu lilipinduka au liliangukiwa na kitu, paa likasagika. Mtu akalikata, akaleta paa la gari jingine, akaliunga. Alama imekuja na paa."

Nilimwona Duangta anaitafuna ile habari polepole, na mimi nikawa tayari nimeshafika mwisho wake na sipendi nilichokiona. Gari la kijani. Wilaya yetu si kubwa. Pikapu ya kijani kibichi, iliyoingia kwenye nguzo ya daraja la mfereji, mbele ikakunjika mpaka kwenye viti, paa likabaki zima. Sote tulikwenda kutazama. Kijana aliyekuwa anaendesha aliitwa Wichian, wa kijiji cha Nong Toei.

Samrit aliipata namba ya mzee wa vyuma chakavu, yule anayenunua mabaki ya magari ya ajali, akaweka sauti ya simu juu tusikie wote.

"Paa la kijani?" mzee akasema. "Aa, nalikumbuka! La yule marehemu wa darajani. Alilichukua Thawin. Alikuwa na pikapu yake nyekundu ameinunua bei ya kutupa, haina paa. Mimi nilikuwa na paa jingine zuri zaidi, akakataa. Akasema, mzee, mke wangu hapandi gari lisilo na alama, na kule hekaluni foleni ni mwezi mzima. Hili lina alama tayari, nipe hili. Tukacheka sana siku hiyo."

Simu ikakatwa.

Kaka yangu! Kaka yangu wa kuzaliwa tumbo moja! Nilisimama katikati ya gereji ya watu nikamgombeza maiti. "Thawin, mwongo wewe! Mvivu wewe! Mwezi mmoja wa foleni umekushinda, ukamletea mkeo paa la mfu? Ukaja ukala wali wangu na kunisimulia Baba Mtawa alivyokushika bega?" Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Kila mara alikuwa hivyo, mtu wa njia ya mkato, tangu utoto, na kila mara anafanya kwa mapenzi, kwa hiyo humalizi kumkasirikia.

Duangta alikwenda kwenye bomba. Akanawa mikono. Akanawa uso, akanawa nywele, akarudia nywele. "Nilikuwa najipaka," akasema na maji yanamtiririka. "Kila asubuhi ya mvua nilikuwa napokea tone najipaka kwenye paji la uso. Paa hilo lilikuwa juu ya kichwa cha mtu aliyekufa, wifi. Alikufa amelitazama."

Samrit akainama karibu yetu. "Sikilizeni. Tuko watatu. Nakata, nachomelea, napaka rangi, nachora kitu kinachofanana. Nani atajua?"

"Hapana," Duangta akasema.

Na hata angesema ndiyo, wapi! Wateja wangu walikuwa wameshajipanga ukutani na matonge yao, masikio yamesimama. Saladi yangu haijaisha kwenye sahani na habari ilikuwa imeshafika vijiji vyote vitatu. Akina mama walikuja kwa pikipiki, Nuanchan mbele.

Duangta alisimama mbele ya gari lisilo na kioo, nywele zinachuruzika, akawaambia yote. Hakuficha mume, hakuficha paa, hakuficha Wichian. Nilitaka kumziba mdomo. Alipofika kwenye jina la Wichian uwanja wote ukalipuka.

"Maji ya mfu!"

"Uwii, mwanangu alikaa hapo mwezi mzima!"

"Mimi mwanangu ameyanywa!" Nuanchan akapiga yowe, mikono kichwani. "Nilikinga kwenye chupa nikampa anywe!"

"Ulimnywesha?" nikamuuliza. Sikuamini. "Maji ya kutu, Nuanchan? Ulimnywesha mtoto?"

"Kutu si kitu! Mzimu je?"

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachofanya. Walikuwa akina mama wasiopungua kumi pale, wanalia mzimu, wanalia mkosi, na nguzo iko pale pale juu ya boneti mbele ya macho yao, na hakuna hata mmoja aliyeitazama.

"Nyamazeni!"

Alikuwa ni Duangta. Wakanyamaza, kwa mshangao tu. Aliichukua ile nguzo, akashika mikono miwili ya Nuanchan, akamwekea ndani yake. "Bonyeza," akasema. Nuanchan akabonyeza. Chuma kikavunjika kama biskuti, unga ukampitia vidoleni.

"Hicho ndicho kilichokuwa kinashikilia paa juu ya kichwa cha mwanao," Duangta akasema. "Breki moja ya ghafla. Wichian hajawagusa watoto wenu. Angetaka, angewaua siku yoyote, maana mimi nilishamwandalia kila kitu."

Nuanchan alibaki na viganja wazi. "Mimi ndiye niliyekuwa nakwambia usizibe," akasema.

"Na mimi ndiye niliyeitikia. Gundi iko kabatini mpaka leo."

Nuanchan akapangusa mikono kwenye suruali yake, na kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, akasema: "Tengeneza gari. Lakini hicho kipande chenye alama kirudi kwa mwenyewe. Mama yake Wichian yuko hai. Tumkabidhi, tumwombe radhi, aseme mwenyewe kwamba hatudai kitu. Nami nitakwenda nikasikie kwa masikio yangu. Bila hivyo, dada, hapandi mtoto." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Kwa hiyo kazi ya Duangta, miaka yake yote ya barabarani, ikawa iko kwenye mdomo wa bibi kizee ambaye hatujawahi kumwona.

Samrit alikata siku hiyo hiyo. Duangta alisimama na ndoo ya maji kuzima cheche, hakugeuza uso hata kidogo. Mraba wa kijani ulipoanguka aliuokota kwa kitambaa cheupe, akaukunja. Zikafuata kazi za kuchomelea, puti, rangi ya kuzuia kutu, rangi ya juu. Kioo kipya kilipowadia, Samrit alizungushia mpira mpya ukingoni, akapitisha kamba ndani ya mfereji wa mpira, akampa Duangta ncha akiwa amekaa ndani. Yeye alikipiga kioo kwa viganja kutoka nje, taratibu, na Duangta akawa anavuta kamba, na mdomo wa mpira ukawa unalala juu ya chuma kipya kidogo kidogo mpaka kamba ikaisha. "Haya," akasema Samrit. Hakusema zaidi.

Tukaenda Nong Toei. Nuanchan alikataa kabisa kukaa mbele. Alikaa nyuma peke yake kwenye benchi la watoto, kashikilia bomba la turubai kwa mikono miwili njia nzima.

Bibi Sida, mama yake Wichian, alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba yake iliyoinuliwa juu ya nguzo, anatafuna tambuu. Alidhani tunauza vyungu. Tulipanda, tukapiga magoti, tukainua viganja kumsalimu, na Duangta akaweka kitambaa mbele yake, akainama mpaka paji likagusa mbao. Akamweleza. Alimweleza vizuri, wifi yangu, bila kujitetea, na alipomaliza akasema, "Tulitumia kitu cha mwanao bila kujua, Bibi. Tumekuja kuomba radhi kwako na kwake."

Bibi Sida akafunua kitambaa. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole cha shahada juu ya alama, akakipitisha kwenye kizingo chake chote, na kidole kikaingia sawasawa.

"Mmesema hii ni ya nani?"

"Ya Baba Mtawa wa hekalu la mlimani," akadakia Nuanchan. "Au mtawa mwingine, hatujui. Mtawa wa mwanao, Bibi."

"Mtawa gani? Hii nimeandika mimi."

Nilidhani uzee. Tulitazamana.

"Kwa hiki hapa," akasema, akasukuma kikopo chake cha tambuu. Ndani kulikuwa na chokaa, yenye wekundu uliochujuka, rangi ile ile. "Kila siku namwambia, Wichian, peleka gari hekaluni. Kila siku, kesho, Mama. Asubuhi moja ameshawasha injini anaondoka, moyo ukanikataa, nikapanda garini nikamchorea kwa kidole. Sijui hata kusoma. Nilichora kama ninavyowaona watawa wakichora. Akanicheka, akasema, haya Mama, sasa sifi." Akatafuna kidogo. "Jioni wakanipeleka darajani."

Duangta aliinamisha tena kichwa mpaka kwenye mbao. Nuanchan mdomo ulikuwa wazi, na nilipodhani atalia, yakamtoka maneno mengine kabisa.

"Lakini mwanangu alipasi hesabu!"

"Basi alisoma," akasema Bibi Sida.

Akamgeukia Duangta. "Inuka. Nataka kuelewa. Maji yalikuwa yanaingia garini?"

"Ndiyo, Bibi."

"Yanawadondokea watoto."

"Ndiyo."

"Na nyinyi mama zao mnatazama."

Mimi, na mdomo wangu wote huu, nilitazama mbao za sakafu.

Bibi akachukua kisu chake kidogo cha kukatia popoo. Akakishika kipande cha bati kwenye goti, akaanza kukwangua. Nuanchan alipiga ukelele. Duangta alinyoosha mkono, "Bibi, usi..." na mkono ukaishia njiani. Chokaa ilitoka kwa vipande, ikaanguka katikati ya nafasi za mbao mpaka chini walipokuwa kuku. Alikwangua mpaka pakabaki kijani kitupu, na machozi yalikuwa yanamshuka bila uso wake kubadilika.

"Mwanangu alikufa na hii juu ya kichwa chake," akasema. "Mnanirudishia kwa kitambaa cheupe." Akaligeuzageuza lile bati, akalifunikia mtungi wake wa maji, akaona linatosha. "Watoto wapande gari. Mimi sina ninachodai. Lakini msinifanyie mwanangu kuwa dawa ya mitihani."

Tulipofika gereji, Nuanchan alishuka nyuma, akazunguka mbele, akafungua mlango wa abiria, akaingia akakaa kwenye kiti cha mbele. Akafunga mlango.

"Bunpeng," akasema kupitia dirishani. "Mwaga maji."

Nikajaza ndoo. Nikaimwaga juu ya paa, yote, kwa nguvu, maana nilikuwa na hasira na sikujua nimpe nani. Duangta akaniletea ya pili, Samrit akaja na mpira wa bomba. Maji yalimiminika juu ya kioo hatukumwona mtu ndani. Nuanchan alikuwa ameinua uso, macho wazi, anatazama pale palipokuwa na alama, chuma kipya cheupe kisicho na kitu.

Tulipofunga bomba hakutoka. Alikaa akisubiri. Akapitisha kiganja juu ya fremu yote, kona hadi kona, akakitazama kiganja. Kilikuwa kikavu. Hapo ndipo alipoanza kulia, kilio cha mtu aliyekuwa amekibana siku nyingi, na Duangta akaingia upande wa pili, akakaa kwenye usukani, akamngoja amalize.

"Jumatatu utampitia mwanangu saa ngapi?" Nuanchan akamuuliza.

"Saa ile ile."

"Akae nyuma na wenzake," akasema, akapangusa pua, akaenda zake nyumbani.